Ukingo Usio na Mlango

Sahani ilitoka tanurini Jumatatu, na hadi Alhamisi ilikuwa bado ya moto. Nieves aliigusa, akavuta mkono, akajicheka.

Alikuwa mgeni katika karakana ile ya vyombo vya udongo mjini Puebla, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko brashi yake. Alisomea sanaa. Majina yote aliyajua: uwanja ni nafasi nyeupe inayobeba mchoro, pambo ni ua linalorudiwarudiwa, ukingo ni mstari wa buluu unaozunguka na kuifunga kazi. Lakini fundi Tiburcio, aliyechora sahani kwa miaka arobaini, kila ukingo aliuachia pengo dogo kama punje ya mchele. Akiulizwa, husema ni mlango. Nieves aliwaambia wenzake, mzee akisikia, kwamba huo si mlango bali ni mikono inayotetemeka. Walipokwisha kucheka, alichukua sahani ya mzee akaliziba pengo. Tiburcio aliipeleka tanurini mwenyewe, nayo ndiyo hiyo iliyotoka Jumatatu.

Alhamisi hiyo mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula, Nieves alisikia kucha zikikwaruza ndani ya sahani, polepole, zikiufuata ukingo, zikitafuta pa kutokea, na harufu ya udongo mbichi ikamjaa kooni, na alipoibamiza sahani sakafuni ikavunjika, mkwaruzo haukukoma bali ulimpanda miguuni, ukapita mgongoni, ukatulia shingoni.

Kwenye kioo aliona mstari wa buluu umeizunguka shingo yake. Ncha zake zilikuwa hazijakutana. Ulibaki upana wa kidole. Kesho yake ulibaki nusu, na kuvuta pumzi kukawa kazi.

Alikwenda kwa mganga Cleofas, naye akampitishia yai mwilini kuusoma ugonjwa, akalipasua kwenye glasi. Kiini kilikuwa na pete ya buluu. Akamwambia kwamba jini la udongo hutokea penye pengo chombo kikichomwa. Nieves amelifungia, nalo sasa linamfungia yeye. Aliyeuchora ukingo ule pekee ndiye awezaye kuufungua, kwa rangi nyeupe.

Nieves alipiga magoti mbele ya Tiburcio. Pengo lilikuwa limebaki punje ya mchele.

"Mzee wangu, nilikukosea," alinong'ona. "Niachie mlango."

Tiburcio alimwinua kidevu kwa upole.

"Tulia basi, binti. Si unajua mikono yangu inatetemeka?"

Brashi ikakipita kikombe cha rangi nyeupe, ikazama kwenye buluu. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo.