Kiumbe Aliyeonyeshwa Mtu Mmoja

"Yule mwenye shingo ya magamba umempa macho ya marehemu mama yako. Nimempenda."

Binti aliusoma ujumbe ule mara tatu. Namba ngeni. Na picha yenyewe hakuwa ameiweka popote! Alikuwa ameipaka rangi asubuhi ile ile kwenye simu yake, chumbani, mlango umefungwa.

Kazi yake ilikuwa usanifu kwenye duka la uchapaji: kadi za harusi, mabango, mihuri. Moyo wake ulikuwa kwenye katuni moja ya majitu ya milimani, yenye kundi kubwa la mashabiki mtandaoni. Katika katuni ile kila jitu lenye nguvu lilikuwa dume. Yeye akaanza kuyatungia majike: mmoja ana mbawa za nondo, mwingine miguu ya swala na meno ya papa. Kila mmoja na jina lake, hasira zake na kitu anachokiogopa. Mashabiki walipagawa. Yeye mwenyewe wakambatiza Mama Mbawa, wakamwalika akaonyeshe viumbe wake kwenye mkutano wao.

Alimpigia mchumba wake, fundi simu.

"Kuna mtu ananiona," alisema.

"Nani? Wapi? Tulia, mpenzi, nakuja sasa hivi."

Hazikupita dakika kumi, fundi alikuwa mlangoni anahema. Alimkumbatia, akausoma ujumbe, akatikisa kichwa.

"Ni hao hao mashabiki wako. Nilikwambia."

"Lakini picha hajaiona mtu yeyote!"

"Watu wa mtandaoni usiwachezee. Uliza mimi ninayeshinda ndani ya simu za watu. Funga akaunti, mama, upumzike."

Hakuifunga. Ujumbe ukaendelea kuja.

"Blauzi ya njano imekukaa."

"Pazia la bafuni halifiki chini."

Binti aligeuka mtu mwingine. Kazini mashine ikilia, anaruka. Akawa anaoga na kanga mwilini, macho dirishani. Penseli akaiweka chini kabisa. Kila akitetemeka, fundi alikuwepo: anampeleka kazini, anamfuata, anamshika mkono barabarani.

"Tufunge ndoa mwezi huu huu," fundi akamwambia. "Ukihamia kwangu, nani atakugusa? Na ule mkutano wenu wa mashabiki, waambie huendi."

"Nitawaambia," alijibu kwa unyonge.

Aliyestuka ni dada yake, mkunga, mtu ambaye hata nyumba ikiwaka moto atauliza kwanza funguo ziko wapi.

"Huendi kwa nini? Si walikuchagua wewe ukaonyeshe viumbe wako?"

"Naogopa, dada."

"Ujumbe wa kwanza ulikuja lini?"

"Wiki ile ile niliyoalikwa."

"Na simu yako ilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

Binti aliitazama simu. Ilifunguliwa wiki ile ile. Kioo kilipasuka, na mchumba wake akakitengeneza.

"Dada, usianze!"

"Sijamtaja mtu. Chora kiumbe mmoja kwa penseli, kwenye karatasi. Usimpige picha. Muonyeshe mtu mmoja tu, halafu kaa usubiri."

"Na ujumbe ukija?"

"Utakuwa umejua."

"Naogopa kujua."

"Najua, mdogo wangu. Chora hivyo hivyo."

Alichora siku nzima ya Jumapili, akifuta na kurudia. Akatoka mwanamke mwenye ngozi ya mamba na mkia mrefu uliopigwa fundo. Fundi alipokuja kumjulia hali, akamwonyesha.

"Mkia gani huu umefungwa kama mzigo?" fundi alicheka.

"Bado sijaamua kwa nini."

"Nilidhani umeacha haya mambo."

"Huyu ni wa mwisho."

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Jumatano asubuhi alijiona mwovu kuliko watu wote. Alimwandikia dada yake: "Nimemsingizia mwanaume wa watu. Leo namwomba msamaha."

Saa sita mchana, akiwa anapanga kadi za harusi ya mtu, simu ikatetemeka.

"Umesema huyu wa mkia wenye fundo ni wa mwisho, na bado unamfunga? Mfungue."

Alikaa chini palepale, kadi mapajani. Akampigia dada yake.

"Ni yeye."

"Usiende peke yako."

"Nataka anijibu mbele ya macho yangu. Nakuacha hewani, dada. Nifuate."

Fundi alikuwa peke yake dukani, ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo.

"Mpenzi! Mbona saa hizi?"

"Mkia wenye fundo umeonwa na mtu mmoja tu duniani."

Bisibisi ikamponyoka. Alicheka kidogo, akaacha. Kisha akampita taratibu, akashusha shata la mlango mpaka chini. Duka likawa giza.

"Fungua."

"Tuongee kwanza."

"Uliingia kwenye simu yangu?"

"Watu elfu tatu wanakusifu kila siku. Mimi nilibaki nani? Ulikuwa unanipigia ukikumbuka. Ila ukiogopa, ulinipigia mimi kwanza. Mimi kabla ya wote!"

"Nilikuwa naoga na nguo kwa ajili yako!"

"Nisingekudhuru. Nilitaka unikimbilie tu."

Alipiga hatua. Binti akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati la vioo. Hakuwahi kumwogopa mtu huyu hata siku moja. Sasa alimwogopa mpaka masikio yakawa yanavuma.

"Dada yupo kwenye simu," alisema. "Amesikia yote."

Nje, shata liligongwa kwa nguvu.

"Shemeji!" Sauti ya mkunga haikupanda wala kushuka. "Nipo hapa na majirani zako wa duka. Pandisha hilo shata, au tulipandishe sisi."

Likapanda.

Polisi walichukua kompyuta yake, na wakakuta simu ya binti ilikuwa ikimwaga kila picha humo. Wiki iliyofuata, mama yake fundi alikuja na mjomba mtu kuomba yaishe. Mjomba aliongea mpaka jasho likamtoka.

"Kijana amekosa, lakini ni kwa mapenzi. Wivu wa mapenzi huo! Posa isirudishwe, mwanangu."

"Mjomba, mpaka leo nikisikia simu inalia najificha," binti alijibu. "Siwezi kuolewa na kitu ninachokikimbia."

Mjomba alihema, akatoka nje kupiga simu. Mama mtu, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu aingie, akasogea karibu, akamshika binti kiganja.

"Baba yake alinifichia viatu miaka saba," alinong'ona, jicho mlangoni. "Nisitoke. Nami nilidhani akili yangu ndiyo mbovu, nasahau mwenyewe nilikoviweka."

Hatua za mjomba zikasikika zikirudi.

"Usirudi, mwanangu," mama akasema upesi. "Nenda kwenye mkutano wako."