Safari ya Nepal Niliyoipanga kwa Mkono Wangu

Ko, ko, ko, ko... Hadi leo nausikia mlio wa viatu vyetu vya mlimani kwenye ngazi za zege za jengo letu hapa Etobicoke. Jozi mbili, zikipanda pamoja hadi ghorofa ya kumi na tisa.

Nina miaka ishirini na sita. Nilitoka Mwanza na kidato cha nne changu, nikaja kuishi kwa dada yangu hapa Toronto na kupata kazi ya kuoka mikate. Mimi ni mtu wa kucheka na kuota ndoto. Ndoto kubwa kuliko zote? Kuiona milima ya Himalaya, kule Nepal, na mchumba wangu Joram.

Kila Jumamosi, dada akiwa kazini, tulifanya mazoezi. Begini niliweka kilo kumi za mchele ili mgongo uzoee mzigo. Joram alikuwa akinitania, "Haya mpagazi, twende!" Mimi ndiye niliyepanga yote kwenye daftari: tulale wapi, tupumzike lini mwili uzoee hewa nyepesi, mpaka supu ya kitunguu saumu ya kunywa kule juu. Nikampa daftari alisome.

Aliniomba kitu kimoja tu. Tusimwambie mtu habari za safari wala za uchumba wetu hadi tupande ndege, kwani watu wana macho. Nikakubali. Si ndivyo tulivyolelewa, kwamba safari ikitangazwa inaharibika? Hata dada sikumwambia! Kazini waliponinyima likizo, nikaacha kazi...

Wiki tatu kabla ya safari nilikwenda kichen pati, sherehe ya kumfunda bibi harusi, ya Mtanzania mwenzetu huko Agincourt, upande wa pili wa jiji. Nikapatana sana na mgeni mmoja, Tausi, aliyekuwa na miezi miwili tu Kanada. Tukiwa jikoni tunapakua pilau, akanisogelea sikioni.

"Mdogo wangu, nikwambie siri? Mume wangu ananipeleka Nepal. Ila usimwambie mtu."

Nikafurahi, nikidhani nimepata mwenzangu! Akafungua mkoba, akanionyesha karatasi zilizochanwa kwenye daftari. Eti mumewe kaandikiwa na mtu wa mambo ya safari.

Ulikuwa mwandiko wangu. Na supu ya kitunguu saumu imo.

"Joram wangu hapendi kubahatisha," akasema.

Jamani, mngefanya nini? Yeye hakuwa na kosa, maskini. Nikamwambia, "Dada, usisahau soksi za sufu. Kule kuna baridi."

Joram nilimpigia siku nne, hakupokea. Ya tano akaleta ujumbe: mke ni mke, nisimwambie mtu. Nililia hadi sauti ikakauka... Sina kazi, sina mchumba, na hata wa kumlilia sina, maana nani alijua?

Wasichana wenzangu, mpenzi akitaka siri, muulizeni anamficha nani. Laiti ningemtajia dada jina lake tu, angeulizia kwa Watanzania wenzetu! Nawasihi, msinyamaze kama mimi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda zile ngazi peke yangu mpaka juu. Nikarudi ndani, nikafungua begi, nikapima vikombe viwili vya ule mchele, cha dada na changu. Nikauosha, nikaubandika, nikakaa kumsubiri arudi nimweleze.