Jina Lililorukwa

Cherotich ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, kwa hivyo mtu asiniambie hizi ni hadithi za sokoni. Na nikiri mapema: mumewe, Benard, sikumpenda hata siku moja. Mwaka wa themanini na tisa alimfukuza babake mzazi, mzee Kipkosgei, kwa sababu mzee alikataa kumwandikia shamba la majani chai. Mzee akawa analala kwenye kibanda cha kupimia majani hapo Kapkatet. Watu walipomuuliza Benard kama huyo si babake, alijibu, "Simjui." Mwezi wa saba baridi ikamuua mzee. Sisi sote tulikuwa tukipita hapo na kunyamaza, hata mimi.

Mwaka wa tisini na tatu Cherotich alijiunga na akina mama wa kanisa waliokuwa wakiwatafuta watu wasio na makao. Alitembea na Wakonyo, mwenye hoteli pale sokoni. Walitoka saa kumi na moja alfajiri, kabla wenye maduka hawajaanza kuwamwagia maji waliolala barazani. Kwanza unampa mtu chai, halafu unamuuliza jina, halafu kwao ni wapi. Ukishalipata jina, unampeleka kwao siku hiyo hiyo, maana kesho humpati tena. Ilikuwa kazi nzuri, na wengi walirudi makwao.

Kule kibandani walimkuta kijana wa miaka kama thelathini, amejifunika gunia. Chai hakunywa. Jina hakusema. Walimwendea siku tatu mfululizo na hakufungua mdomo.

Siku ya nne kulikuwa na ukungu, na Wakonyo alikuwa amechoka. "Huyu tuachane na yeye, mama. Pengine ni bubu."

"Ngoja kidogo," Cherotich alisema akicheka. "Wacha nimuite vile sisi tunaitanga mtoto."

Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina mama humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina likitajwa naye akapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi. Cherotich alikuwa na mtoto wa mwezi mmoja mgongoni, na majina ya ukoo wa Benard alikuwa nayo yote kichwani. Siku ya kumwita mtoto wake, Benard aliwaamuru wanawake waruke jina moja. Wakaliruka.

Akaanza, kwa mzaha tu. Mibei. Lelgo. Chumo. Kijana alimtazama bila kupepesa. Majina yakaisha, likabaki lile moja, na mdomo wa dada yangu haujawahi kuwa na breki.

"Kipkosgei," alisema.

Kijana akapiga chafya.

Akasimama. Akakunja gunia lake na kuliweka begani. Akanong'ona, "Haya. Twende nyumbani."

Wakonyo aliniapia kwamba hawakumwonyesha njia. Alitangulia yeye, katika ukungu ule, bila kujikwaa. Langoni kwa Benard alipitisha mkono kwa ndani na kufungua waya uliofichwa. Mbwa alimwona akalala chini.

Benard alikuwa akikamua ng'ombe. Aliinua kichwa.

"Mmeniletea nani?" aliuliza.

Kijana ndiye aliyejibu, polepole.

"Sema tena hunijui."

Uso haukuwa wa babake. Sauti ilikuwa ya mzee. Kijana akampita, akaingia ndani ya nyumba, na wote wakasikia komeo likisukumwa.

Walibisha. Majirani wakaja. Benard akaleta shoka na kuuvunja mlango. Ndani hamkuwa na mtu. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Gunia lilikuwa limetandikwa kitandani, limelowa umande.

Benard alilichoma gunia, akatengeneza mlango, wakalala. Walipoamka walikuwa kibandani Kapkatet, kwenye saruji, wote watatu, mtoto katikati. Hakuna aliyekumbuka kutembea. Nyayo zao zilikuwa kavu.

Siku ya pili, vile vile.

Siku ya tatu midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi kwa baridi. Cherotich alimfunga mgongoni na kuja kwangu mbio. "Sirudi huko," aliniambia. "Ile nyumba iko na mwenyewe."

Benard alikataa kuja, na sikumbembeleza. Kila alipojaribu kulala kwake aliamka kibandani, mwishowe akaacha kujaribu. Yuko hapo mpaka leo. Wakonyo humpelekea chai alfajiri na kumuuliza jina, kama anavyowauliza wote. Hajibu. Nilisema malipo ni hapa hapa duniani, na bado nasema. Lakini mvua ikinyesha usiku, sipati usingizi vizuri.

Juzi nilipita karibu na shamba lao. Ni mwaka wa nne sasa hakuna anayekanyaga huko, wachumaji wote waliogopa. Majani chai yakiachwa muda huo huwa miti, mtu mzima anapotea ndani. Ya kule yako sawa kiunoni, mstari kwa mstari, yamechumwa majani mawili na chipukizi. Nilishika kikonyo kimoja. Utomvu ulikuwa bado haujakauka.