Chanjo Iliyopata Joto

Kila asubuhi, iwe siku ya shule au ya likizo, Kasuku alifagia uwanja kisha akawapa kuku maji. Kasuku si jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake wa darasa la ubatizo ndio waliomtungia, kwa sababu akishasikia jambo mara moja alilirudisha lote bila kukosea, mpaka mchungaji mwenyewe akacheka. Jina likamganda, na kusema kweli hakulichukia.

Mama yake naye alikuwa na jina la mtaani. Wote walimwita Mama Chanjo, maana kazi yake ilikuwa kuwachanja kuku wa watu wasipate mdondo, ugonjwa unaoingia bandani na kuliacha tupu kabla wiki haijaisha. Alipita nyumba kwa nyumba. Mwenye kuku alimshika kuku, Mama Chanjo akamdondoshea tone la dawa jichoni. Dawa hiyo ilikaa katika vichupa vidogo ndani ya friji kuukuu pale sebuleni, na waya wa friji ulichomekwa kwenye soketi pekee iliyokuwa nzima katika nyumba ile.

"Waya huu hauguswi," Mama Chanjo alizoea kusema. "Chanjo ikipata joto imekufa. Hata ukiirudisha kwenye baridi haifufuki. Na ubaya wake, huwezi kuitambua kwa macho."

Ijumaa moja wakati wa likizo, Mama Chanjo alikwenda hospitali kumwuguza dada yake. Siku hiyohiyo gauni jeupe la ubatizo la Kasuku lilitoka kwa fundi, likiwa na makunyanzi ya kufungwa kwenye mfuko. Ubatizo ulikuwa bado, lakini Kasuku hakuwa na subira. Alitaka kulivaa awaoneshe wenzake kwenye mazoezi ya kwaya. Akautazama waya wa friji, akautazama na wa pasi. Mara moja tu, akajiambia. Akauchomoa wa friji, akachomeka pasi.

Gauni lilinyooka vizuri. Mara akasikia wenzake wakimwita barabarani kwamba mazoezi yameanza. Alichomoa pasi, akavaa gauni na kutoka mbio, waya wa friji ukabaki sakafuni. Huko kwenye kwaya alisifiwa mpaka akavimba kichwa. Nyumbani bati lilikuwa likichemka kwa jua, na mlango wa friji ile haukuwa ukibana vizuri tangu zamani.

Jioni aliporudi alikuta dimbwi la maji sakafuni. Alifungua friji na kushika kichupa kimoja. Kilikuwa vuguvugu kama yai lililotoka kutagwa. Alichomeka waya haraka, akapiga deki, akatandaza kitambaa kilekile kilichokuwa juu ya friji kana kwamba hakuna kilichotokea. Nitamwambia kesho, aliwaza.

Kesho yake mama, aliyekuwa amerudi usiku, aliamka asubuhi na mapema. Vichupa vilikuwa baridi tena, navyo alivipanga kwenye kisanduku cha barafu huku akiimba.

"Mama," Kasuku aliita.

"Sema, mwanangu."

Kasuku alikitazama kisanduku. "Nikusaidie kubeba?"

Wakaenda. Mtaa mzima ulichanjwa siku ile. Kila tone lilipoanguka kwenye jicho la kuku, Kasuku aliangalia pembeni. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Matetea, kikongwe aliyeishi na mjukuu wake Kifimbo. Bibi huyo hakuwa na shamba wala pensheni. Kuku wake ndio waliomlisha, ndio waliomsomesha Kifimbo, naye aliwajua mmoja mmoja kwa tabia zao.

"Mungu akubariki, Mama Chanjo," alisema. "Sasa hata nikilala nitapata usingizi."

Wiki zikapita. Hakuna kuku aliyeumwa, na Kasuku akaanza kujipa moyo kwamba pengine hakutatokea lolote. Lakini jambo lenyewe halikumtoka. Basi akaanza kujitafutia nafuu kwa njia za mkato. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Alifunga kula siku nzima. Alijifungia chumbani akalia na kumwomba Mungu aifanye chanjo ile iwe nzima, kisha akafuta machozi na kwenda kumsaidia mama kupepeta mchele.

"Huyu mtoto kabadilika kabla hata hajaingia majini," Mama Chanjo aliwaambia majirani kwa furaha. Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumamosi ya mwisho kabla ya ubatizo, mchungaji aliwakusanya wanafunzi wake kwa marudio. Akauliza kutubu ni nini. Kasuku akasimama, akayasema yote: kutubu ni kuhuzunikia dhambi, kuiungama, kuiacha na kumgeukia Mungu kwa moyo wote. Hakuruka hata neno.

"Vizuri sana," alisema mchungaji. "Na wewe unatubu nini?"

"Dhambi zangu zote, Mchungaji."

"Zote ni neno rahisi," mchungaji alisema kwa upole. "Mimi nikimkanyaga jirani yangu mguu, simwambii nisamehe yote. Namwambia nisamehe, nimekukanyaga. Nendeni mkalifikirie hilo."

Walipotoka nje, Kifimbo alikuja na habari. Mdondo ulikuwa umeingia ng'ambo ya reli, kuku walikuwa wanakufa kwa wingi. Wavulana walipiga soga kuhusu hilo, na mmoja akasema wao hawana shaka, kwani Mama Chanjo alishapita. Kasuku akawaacha, akashika njia ya nyumbani.

Jumapili asubuhi kanisa lilifurika. Kasuku alimkuta Bibi Matetea mlangoni akijifuta jasho.

"Mjukuu wangu, leo ni siku yako," bibi alisema na kumshika shavu. "Kifimbo hatakuwepo. Nimemtuma kwa dada yangu ng'ambo ya reli na baiskeli. Kuku wake wamekufa karibu wote, maskini. Nimemwambia dada anipe hao waliobaki, niwachanganye na wangu wapone huku. Wangu si wameshashika kinga? Mkitoka ibadani mtamkuta ameshafika na tenga."

Kasuku alimsogelea bibi amwambie kweli. Alifungua mdomo. Kengele ikalia, na mwalimu wa kwaya akamvuta mkono aingie kwenye mstari.

Wanaobatizwa walisimama mbele, nguo zao nyeupe zikimeta. Mama Chanjo alikaa benchi la mbele na kilemba kipya, akitabasamu hadi gego la mwisho likaonekana. Mchungaji alianza upande wa kushoto, akimwuliza kila mmoja swali lilelile.

"Unaiacha dhambi na kumgeukia Kristo?"

"Ninaiacha, na ninamgeukia."

Akaja kwa wa pili. Kasuku aliwaza kuhusu baiskeli. Kifimbo alikuwa amefika wapi? Akaja kwa wa tatu. Neno moja tu lilihitajika, naye alilijua kuliko wote waliosimama pale. Angelisema, angebatizwa, mama angepiga vigelegele. Na bandani kwa Bibi Matetea mdondo ungekuwa unaingia ukiwa umebebwa kwenye tenga.

Mchungaji akasimama mbele yake. "Unaiacha dhambi na kumgeukia Kristo?"

Kasuku aligeuka akamtafuta Bibi Matetea kwa macho. Watu wakaanza kukohoa. Mama Chanjo alimkonyeza ajibu.

"Sijaiacha, Mchungaji," hatimaye alisema. "Bado ninayo. Kuku wa Bibi Matetea hawana kinga. Kuku wa mtaa mzima hawana. Mimi ndiye niliyechomoa friji."

Minong'ono ikatambaa benchi kwa benchi. Mama Chanjo alisimama polepole, tabasamu limemtoka.

"Lini?" aliuliza.

"Siku ile ulipokwenda hospitali, mama. Nilipiga pasi gauni hili. Dawa ilipata joto kutwa nzima. Na Kifimbo amekwenda kuleta kuku kutoka ng'ambo ya reli, anawaleta sasa hivi."

Mchungaji alitazama mlango. "Nendeni," alisema. "Ubatizo unangoja. Kuku hawangoji."

Mama na binti walitoka mbio, viatu mkononi. Bibi Matetea alifuata nyuma na mkongojo wake, akiita jina la Bwana kila hatua. Kasuku alikuwa na miguu myepesi, akamwacha mama. Alikata kona ya kinu cha kusagia, akaliona lango la bibi. Kifimbo alikuwa ameegemeza baiskeli ukutani, anafungua kamba ya tenga.

"Usifungue," Kasuku alisema akihema. "Kifimbo, nakuomba, usifungue."

"Una wazimu? Wanakufa kwa joto humu."

Kasuku hakuwa na pumzi ya kubishana. Alilishika tenga kwa mikono yote miwili, akaking'ang'ania kifuniko chake hadi mama yake alipofika. Mama Chanjo aliinama, akachungulia kati ya fito. Ndani, kuku mmoja alikuwa amepinda shingo, kichwa kimegeukia mgongoni, na bawa moja linaburuta. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani.

"Mdondo," Mama Chanjo alimwambia Kifimbo. "Warudishe hawa walikotoka, sasa hivi. Ukirudi, oga, fua nguo na uoshe baiskeli kwa sabuni kabla hujavuka lango hili."

Bibi Matetea alifika, akaelezwa. Hakugomba. Aliingia ndani na kufunga mlango, na hilo lilimwumiza Kasuku kuliko kugombezwa.

Mama Chanjo hakumchapa. Alikaa kwenye jiwe la nje, akavua kilemba, akakikunja.

"Chanjo mpya nitaitafuta mimi," alisema. "Lakini kila nyumba niliyochanja, utabisha hodi wewe na utasema wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Alasiri nzima walizunguka. Kila mlango ulikuwa mgumu kama wa kwanza. Kasuku alisema maneno yaleyale: dawa iliharibika, aliyeiharibu ni yeye, mama hakujua, wawafungie kuku bandani na wasiingize kuku mgeni mpaka wachanjwe upya. Wengine walimpa pole. Fundi baiskeli alicheka kwa uchungu, akauliza kama waliwadondoshea kuku wake maji ya bomba. Mama mmoja hakumwangalia Kasuku kabisa. Alimwambia Mama Chanjo, "Tangu leo nitamtafuta mtu mwingine," akafunga dirisha. Mama Chanjo aliinamisha kichwa. Kasuku akaona kile alichoharibu kwa kunyamaza, na hapo akalia kweli, katikati ya barabara.

Magharibi mchungaji aliwakuta wamekaa uwanjani, miguu imejaa vumbi. Akavuta kigoda, na Kasuku akamsimulia yote, tangu kupiga deki hadi kulia na kufunga.

"Mchungaji," Kasuku aliuliza, "sasa nimefika nyumba zote. Mungu amenisamehe?"

"Hakukuuzia msamaha kwa milango uliyobisha," mchungaji alijibu. "Alikuwa anakusubiri tangu siku ile ulipopiga deki. Wewe ndiye uliyempa kisogo. Ulilia, ulifunga, ulifanya kazi za watu wazima, lakini vyote hivyo ulivifanya ukiwa bado umempa kisogo. Kutubu ni kugeuka, mwanangu. Mtu akigeuka anaiona sura ya Mungu, na anawaona na wale aliowaumiza. Ndiyo maana hawezi kukaa tu. Lazima awaendee."

"Na wasiponisamehe wao?"

"Hiyo ni safari yao. Yako ilikuwa kusema kweli mapema kiasi cha kuwasaidia. Umechelewa, lakini umefika kabla ya tenga kufunguliwa."

Chanjo mpya ilipatikana, na mtaa ukachanjwa upya. Kuku walifungiwa bandani muda mrefu, na kila asubuhi Kasuku aliamka roho mkononi, akisikiliza kama majogoo wa majirani wanawika. Waliwika. Mdondo haukuingia banda lolote la mtaa ule. Mchungaji alimbatiza mwezi uliofuata, na alipoulizwa swali lile alijibu kwa sauti ndogo, akifikiri kila neno.

Lakini kabla ya hapo, siku ile ya kuchanja upya, walifika kwa Bibi Matetea. Bibi alikuwa hajamsemesha Kasuku tangu Jumapili. Alitoa kuku wa kwanza bandani, akamtazama binti, akamtazama kuku. Kisha akampa Kasuku amshike.

"Sijasahau," alisema bibi. "Bado naliona lile tenga nikifumba macho. Lakini nimekusamehe. Hayo ni mambo mawili, na ukubwani utayaelewa. Ungenyamaza Jumapili ile, leo ningekuwa nafagia manyoya."

"Ndiyo, bibi."

"Basi shika vizuri, asikuponyoke. Bado wako wengi humu."

Kasuku akamshika, na mama yake akainama na kudondosha tone.