Miche Iliyosimamishwa

Kila Jumamosi mama aliwaachia Pilipili na binamu yake kipande cha mahindi wapalilie, wagawane mistari wenyewe. Pilipili, aliyeitwa hivyo kwa ukali wa ulimi wake, hakumpenda binamu huyo hata chembe. Tangu ahamie kwao ili asome, kitanda kilikuwa cha wawili na sifa zote za mmoja.

"Konokono wewe! Leo utaniona kisogo," alimwambia Jumamosi moja, akaanza kulima kwa pupa kwa mkono wake wa shoto.

Pupa hiyo, jamani! Jembe lilifyeka magugu pamoja na miche chungu nzima. Pilipili alipogundua, alitazama huku na huku. Akaisimamisha mmoja mmoja, akaikandamizia udongo. Kwa kuwa kulikuwa na mawingu, ungeapa iko hai.

Kesho yake jua likawaka. Mchana mama aliwaita shambani, akitweta kwa hasira. Miche ya mstari mzima ilikuwa imelala.

"Nani kafanya hivi?"

"Si huyu wako!" Pilipili alidakia. "Huo mstari wake."

"Mama mkubwa, haki ya Mungu si mimi!"

"Nyamaza! Unafyeka chakula chetu? Funga nguo zako, kesho unarudi kwenu!"

Binamu aliangua kilio. Kurudi kwao kulimaanisha kuacha shule. Pilipili alitaka kufurahi, lakini hakuweza.

Mama aliinama kuokota mche, mara akayatazama magugu. Kwenye nusu ya mistari magugu yalirundikwa kushoto. Kwenye nusu nyingine, huu ukiwemo, yalirundikwa kulia. Nyumbani mwao mwenye shoto alikuwa mmoja tu.

"Pilipili, njoo hapa."

"Ni mimi, mama," alisema akilia. "Niliogopa."

"Ungesema jana tungepanda mbegu nyingine, udongo ulipokuwa bado na maji. Leo utayachota kisimani mwenyewe." Kisha akamgeukia binamu. "Nami nimekuhukumu bila kuuliza. Nisamehe, mwanangu. Huendi popote."

Pilipili naye alimwomba radhi. Binamu hakumtazama.

"Sijakusamehe," alisema. "Kalete mbegu. Mimi nachimba, wewe fukia."

Mama aliwatupia jembe. "Kukata mche kwa bahati mbaya ni kosa, na kosa hurekebishwa," alisema. "Ila uongo ni kama hii miche yako, Pilipili. Uliusimamisha vizuri, lakini hauna mizizi."