Sale la Nyuma ya Ghala

Jumamosi ile haikuwa na neno. Jua la saa nne lilikuwa limeshafika kwenye migomba, ng'ombe ameshiba, na jirani yetu Ndelilio ameketi mlangoni mwa jiko lake, huku kwetu Marangu, anamenya ndizi za mtori na mkwewe Monica. Walikuwa wanacheka. Wiki ile polisi walikuwa wamepanda mpaka uwanja wa shule na bendi yao na kreti za soda, ati kujenga urafiki na wananchi.

"Soda nilikunywa," Monica akasema. "Mbili. Nikarudisha chupa, nikaondoka."

"Hata makofi hukupiga?"

"Mikono ilikuwa na chupa, mama."

Kijiji kizima kilifanya vilevile. Tangu vurugu za uchaguzi ule, miaka mitano sasa, gari la polisi likipanda mlima kina mama huweka visu chini wakaita watoto ndani. Hata watoto waliozaliwa baadaye hukimbia, na hakuna aliyewafundisha.

Siku ya vurugu ndipo alipochukuliwa Godlove, mwana wa Ndelilio, mume wa Monica, ana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Aliyemsukumia garini ni Eliufoo, askari, mzaliwa wa kijiji hichohicho. Ndelilio alishuka kituoni siku tisa mfululizo. Jibu lilikuwa moja: "Mtu huyo hatuna." Tangu hapo hakutaka kitu kingine duniani ila mifupa ya mwanawe, aizike kihambani kwao, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe.

Basi Jumamosi ile Eliufoo akatokea kwenye kijia. Amestaafu, amekonda, koti linamning'inia. Mkononi ameshika jani refu la sale, mmea wetu wa mila.

Kwetu mtu akikujia na sale anaomba msamaha, na kumfukuza huwezi. Ukilikataa, laana inakugeukia wewe.

"Shikamoo, mama."

Ndelilio hakuitikia. Alitazama barabarani, kisha akamtazama yeye. "Leo umekuja bila gari, afande."

Eliufoo akapiga magoti. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila mchana kuna mtu anakata majani uani kwangu. Nasikia panga. Nikitoka, hakuna mtu. Mke wangu amekimbia. Nisamehe, mama."

"Sale hilo umelichuma wapi?"

"Kwangu."

"Kwako masale yamekauka yote, mpaka mbuzi wanayaruka. Na hapa kijijini hakuna anayekuitikia salamu, sembuse kukupa jani. Umelichuma wapi?"

Eliufoo akatazama chini. "Nyuma ya ghala la zamani la kahawa."

Kisu cha Monica kikaangukia kwenye beseni.

Kwetu sale husimama mahali pawili: mpakani, na juu ya mtu aliyezikwa. Nyuma ya ghala hakuna mpaka.

"Nilimpandia atulie," Eliufoo akanong'ona.

Ndelilio akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea. Lilikuwa la baridi, kama limetoka mtoni. Kwa Eliufoo lilitoka limenyooka. Kwenye kiganja cha Ndelilio lilikuwa na fundo.

Fundo lilikuwa limegeukia kushoto.

Monica aliliona, akashika mdomo. Mumewe alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mizigo yake ya majani ilijulikana kwa fundo hilo, hata kwa mbali.

"Mimi nimepokea," Ndelilio akasema, polepole. "Ila siye mimi uliyemfukia. Nenda nyumbani kwako. Mwenyewe yupo, anakata majani."

Ukungu ulikuwa umeshashuka. Eliufoo akaondoka. Wanawake wale wawili, pale mlangoni, wakasikia panga kwenye migomba. Kata. Kata. Eliufoo akasimama. Panga likasimama. Akatembea. Likaanza tena. Akakimbia.

Ndelilio akarudi kwenye ndizi zake.

Alasiri ile wanaume walichimba nyuma ya ghala. Godlove alikuwepo, na sweta aliyofumiwa na mama yake. Akazikwa kihambani Jumanne. Eliufoo hakuonekana tena. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Walipouvunja, chai ilikuwa mezani, kikombe kimejaa. Barazani ulikuwapo mzigo wa majani mabichi.

Polisi wakapanda kumtafuta mwenzao, nyumba kwa nyumba. Watu waliwapa viti. Waliwapa na pombe ya mbege. Neno hawakuwapa. Mwisho wakafika kwa Ndelilio, naye hakuacha kumenya.

"Mtu huyo hatuna," akasema.

Siku hizi, kwenye baraza la Eliufoo, katikati ya vigae, limeota sale. Hakuna aliyelipanda. Hakuna mpaka pale. Na kila jani linalochipua hutoka tayari na fundo, limegeukia kushoto.