Mchumba wa Al Twar

ALHAMISI, JIONI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la kushona abaya, huko International City, Uarabuni, na joto la pasi lilikuwa bado limekwama ukutani. Onesmus alipiga komeo mlangoni. Akasukuma mabaki ya vitambaa pembeni, akapanga glasi za chai juu ya meza ya fundi.

"Hii ni geti. Hii ni room ya mlinzi. Hii ni nyumba yenyewe," alisema. "Wenye nyumba wamekimbia joto, wako Ulaya. Dhahabu ya madam iko kwa sefu, chumba cha juu. Funguo anazo mlinzi, sababu yeye ndiye anamwagilia maua ya ndani. Huyo mlinzi anaitwa nani?"

"Harrison," Martina akajibu.

"Na Harrison ni nani?"

"Mchumba wangu."

Joachim, dereva wao, alicheka kidogo. Onesmus hakucheka. Alikuwa Mkenya mrefu, aliwahi kuwa mlinzi mwenyewe, na aliongea kama mtu anayegawa malindo. Kando yake aliketi Agnes, miguu juu ya kiti, akimtazama Martina kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi wake siku ya mtihani.

Na kweli alikuwa mwanafunzi wake. Martina alipomtoroka madam aliyemwajiri, akiwa na nguo alizovaa na pasipoti tu, ni Agnes aliyempa nusu ya kitanda chake na uji alipougua. Walilala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, majira yote ya baridi. Ndipo Agnes akamfundisha kazi. Kazi yenyewe ilikuwa simu. Unamtafuta mwanamume wa kwetu aliyehamia huku, mpweke, anayefanya kazi mahali penye kitu cha thamani. Unamsalimia. Unamuuliza. Usijieleze sana, Agnes alisema, uliza tu. Muulize mama yake, muulize alichokula, muulize anachoogopa. Mtu mpweke havunjiwi mlango, anaufungua mwenyewe.

Sauti ya Martina ilikuwa ya upole. Ilifungua milango.

"Kesho ni Ijumaa," Onesmus aliendelea. "Mtaa wote utakuwa msikitini. Martina anaenda kama mgeni, wale lunch. Juisi ya ukwaju anabeba yeye. Simu anaiacha on ndani ya mkoba, Agnes anasikiliza kwa gari. Huyo mse akilala, Martina anafungua geti. Tunaingia, tunatoka, yalla."

"Na akiamka?" Martina akauliza.

"Ataamka kama Faustine, yule wa vito, alivyoamka. Ataona mali haipo, ataogopa arbab, bosi wake, atatoroka. Faustine si alikimbilia Oman?"

Martina alizungusha glasi yake. "Nilimwona Jumapili."

"Nani?"

"Faustine. Kituo cha basi, upande wa pili wa barabara. Kavaa lile shati lake jeupe la kazini. Alinitazama mpaka basi likapita katikati yetu. Lilipoondoka, hayupo."

Chai ya Joachim ilimwagika mezani, ikapita kwenye ile glasi iliyokuwa geti, ikaanza kudondoka sakafuni. Hakuifuta.

"Oman si mbali," Onesmus akasema mwishowe. "Watu hurudi. Ukimwona tena, geuza uso."

Martina hakuwaambia kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza. Alikwisha kumwona kwenye lifti ya duka kubwa, na kwenye dirisha la metro, nyuma ya sura yake mwenyewe. Mara nyingine hakumwona, alimsikia tu, karibu na sikio, akiuliza lile swali alilokuwa akimuuliza kila mchana: "Umekula, dada?"

IJUMAA, ASUBUHI

Onesmus na Agnes walitangulia kwa teksi, kuuchungulia mtaa. Martina alipanda gari la Joachim. Chupa ya juisi aliipakata. Dawa ya usingizi ilikuwa kwenye karatasi ndani ya mkoba wake. Agnes ndiye aliyeifunga, na Martina aliona kwamba furushi lilikuwa nene kuliko la Faustine.

Joachim alikuwa Mtanzania mwenzake, mtu wa Songea, mpole mpaka alipoitwa na Onesmus. Walipokaribia mtaa wa Al Twar, alikolinda Harrison, alipunguza mwendo, akaegesha gari kando ya ukuta wa shule iliyofungwa.

"Dada Martina. Jumapili ulimwona kweli?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Hukumwona."

"Joachim, nimekwambia..."

"Hukumwona, dada. Mimi ndiye nilimshika miguu." Alitazama mbele, mikono juu ya usukani. "Ulipokwisha toka ile siku tulisubiri aanze kukoroma. Hakukoroma. Agnes alimpiga makofi, akammwagia maji. Onesmus akasema tumviringe kwenye zulia. Yuko mchangani, mbali, njia ya kwenda kwenye mazizi ya ngamia. Bosi wake anadhani alikimbia na ule mzigo wa vito. Kwao wameambiwa mtoto wao ni mwizi."

Kiyoyozi kilikuwa kikivuma. Martina alisikia meno yake yakigongana, akadhani ni baridi. Faustine alifurahi kuletewa glasi ya juisi, akainywa yote na kumshukuru. Na ni yeye Martina aliyeikoroga.

"Agnes anajua?"

"Agnes ndiye alimfumba macho."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu jana nilimsikia Onesmus akisema huyu wa leo atakuona uso, na mtu aliyeona uso asiamke." Joachim alimgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi siwezi kukataa, dada. Najijua. Lakini usiweke dawa yote."

IJUMAA, ADHUHURI

Harrison alimfungulia geti akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vya kanisani. Alikuwa mtu wa Kitale, mwenye umri wa kuonea haya mambo ya uchumba, na aliona haya. Hakujua amshike mkono au amkumbatie, akachukua chupa ya juisi badala yake.

"Karibu, Neema. Nyumba ni ya arbab, lakini jikoni ni kwangu."

Neema. Hilo ndilo jina alilolijua.

Chumba chake kilikuwa kando ya geti: kitanda, jiko dogo, msalaba wa mbao ukutani. Ugali ulikuwa umefunikwa. Sukuma wiki ilikuwa bado kwenye kikaango, mafuta yakichemka. Alikuwa ameazima kiti cha pili kwa jirani na kukifuta vumbi mpaka kikang'aa.

Mkoba ulikuwa mezani, na ndani yake simu iliyofunguliwa. Agnes alikuwa anasikiliza kila neno.

"Nimimine juisi?" Harrison akauliza.

"Nimimine mimi," Martina akasema kwa sauti ile ile ya simuni.

Akachomoa ile karatasi mkobani, akaenda kwenye sinki. Akafungua bomba. Akamwonyesha Harrison karatasi, akamwaga unga wote kwenye maji huku akimkazia macho. Kisha akaweka kidole mdomoni. Akamshika mkono, akamvuta bafuni, akafungua bomba la huko pia, akafunga mlango.

"Usipige kelele," alinong'ona. "Siitwi Neema. Naitwa Martina. Nimetumwa nikulaze kwa dawa, wenzangu wako nje, wanataka sefu. Dawa ile ingekuua. Imeshaua mtu, na mimi ndiye niliyemnywesha."

Harrison alirudi nyuma mpaka ukutani. Maji yalikuwa yanajaa beseni.

"Unanitania."

"Siyo utani."

"Mama yako anayeumwa?"

"Hayupo. Alikufa nikiwa mdogo."

"Na ile siku ulilia kwa simu?"

"Hiyo ilikuwa kweli."

Harrison alikaa chini kando ya beseni. Hakutukana. Martina alitamani amtukane.

"Nilimwambia mama yangu," Harrison akasema. "Nilimwambia nimepata mtu."

"Piga simu polisi, Harrison. Nitukane utakavyo baadaye, lakini piga sasa."

Akapiga. Akataja mtaa, akarudia. Nje, kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kimeanza kusikika, hotuba ya Ijumaa ikipita juu ya kuta za majumba.

IJUMAA, WAKATI WA HOTUBA

Walipotoka bafuni, kengele ya geti ililia. Ikalia tena. Sauti ya Agnes ikaja kwenye kisanduku cha simu ya geti ukutani, tamu, ya kudekeza.

"Martina, shoga yangu. Mbona maji yanamwagika muda wote? Fungua."

Alimwita kwa jina lake. Maana yake mambo ya Neema yamekwisha.

"Agnes, ondoka," Martina alisema. "Ondoka mwenyewe, usimsubiri."

Agnes akajibu kwa sauti ya chini, isiyo na sukari: "Nilikulisha mimi."

"Najua."

Kishindo kilisikika uani. Onesmus alikuwa ameshapanda ukuta. Aliingia na nondo mkononi, akampiga Harrison kichwani kabla hajainua mikono. Harrison alianguka juu ya kile kiti cha kuazima. Onesmus akamwinamia, akaanza kumsachi mifuko kutafuta funguo, kisha akainua tena nondo.

Martina hakufikiri. Alichukua kikaango kutoka jikoni, akamwagia mafuta yale yenye moto, mkononi na usoni. Onesmus alipiga yowe la mnyama. Nondo ikadondoka. Alijikwaa mlangoni, akatoka uani akijipapasa macho, akagonga geti kwa mabega.

"Joachim! Fungua! Joachim!"

Gari lilikuwa limewaka upande wa pili. Martina aliusikia mlango wake ukifungwa kwa nguvu, akasikia sauti ya Agnes ikisema kwa ukali, "Endesha," na matairi yakaondoka. Onesmus aliendelea kuita. Aliita mpaka king'ora kikafika.

Geti dogo la nyuma lilikuwa pale, na kibonye chake kilikuwa karibu na mkono wa Martina. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichochoro. Angeweza kupita. Badala yake alikaa sakafuni, akakiweka kichwa cha Harrison mapajani, akakandamiza jeraha kwa kitambaa cha meza. Damu ilikuwa ya moto. Ilimpenya mpaka kwenye ngozi.

"Usilale," alimwambia. "Sema nami. Usilale, nakuomba. Niambie kuhusu Kitale."

"Ulishaniuliza hayo," Harrison akasema kwa shida. "Yote ulishaniuliza."

Lakini hakulala.

BAADA YA SWALA

Kituoni walimletea mkalimani, mama wa makamo aliyeitwa Mawadda, mtu wa familia ya zamani ya Unguja, Kiswahili chake kama maji ya mtungi. Alikaa karibu naye, siyo mbele yake.

"Sema polepole, mwanangu. Mimi nitafasiri, siongezi wala sipunguzi."

Askari alitoa pasipoti kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa ya Martina. Onesmus alikamatwa nayo mfukoni.

Martina aliitambua. Pasipoti ile ilikuwa ikilala chini ya mto wa Agnes. Hakuna mwingine aliyejua. Basi mpango ulikuwa na sehemu ambayo glasi za chai hazikuionyesha: Harrison angekutwa amekufa, na kando yake pasipoti ya mgeni wake. Rafiki aliyempa nusu ya kitanda aliitoa mwenyewe, akamkabidhi Onesmus.

"Harrison yu hai?" aliuliza.

"Yu hai. Wameshamshona. Anasema hataki kukuona." Mawadda aliinua kalamu. "Anasema pia kwamba wewe ndiye uliyemwambia apige simu. Kataka hilo liandikwe."

Hapo Martina akasema, "Kuna mwingine."

Akamtaja Faustine. Akaisema ile juisi, na zulia, na mazizi ya ngamia. Akasema Joachim ndiye anayeijua njia, na Joachim akikamatwa ataonyesha, kwa sababu hawezi kukataa. Ndivyo ilivyokuwa. Walimkamata kabla ya magharibi, akiwa peke yake ndani ya gari njia ya Hatta, akilia. Agnes alikuwa ameshashuka. Mpaka leo hajaonekana.

"Watu wake ni nani?" Mawadda akauliza. "Huyo marehemu. Ubalozi utataka kujua."

Martina hakusita. Kwao Kamachumu. Mama yake anaimba sauti ya pili kwaya ya parokia na ana goti bovu. Dada yake, Anna, ni muuguzi zahanati ya jirani. Baba alikufa kwa kuangukiwa na mti. Faustine alitaka kumwezekea mama paa jipya kabla ya mvua.

Mawadda aliacha kuandika. "Alikwambia yote haya?"

"Nilimuuliza. Ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Ilichukua siku kadhaa kumtoa Faustine mchangani. Asubuhi moja Mawadda alirudi na askari wa kike, simu mkononi, uso umemshuka.

"Nimempata yule Anna. Mama yupo naye. Nimewaambia kijana wao amefariki. Mama anauliza jambo moja tu. Anauliza kama ni kweli aliiba."

"Umemjibuje?"

"Sikumjibu. Nimeomba ruhusa nikuletee wewe."

Simu ilikuwa nyepesi, kama zile zote alizowahi kushika. Martina aliiweka sikioni. Kwa mbali alisikia jogoo, na mtu akikohoa, na pumzi ya mzee ikisubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Faustine hakuiba kitu, mama. Sisi ndio tuliiba. Tukamuua. Mimi nilimpa juisi yenye dawa."

Yule mama alisema maneno machache kwa Kihaya, kwa watu waliokuwa naye, na Martina alielewa jina tu. Kisha kilio kikaanza, kwanza cha mtu mmoja, halafu nyumba nzima. Mawadda alinyoosha mkono kuichukua simu.

Martina alitikisa kichwa. Aliishika kwa mikono yote miwili, akasikiliza mpaka wao wenyewe walipokata.